"Simama mbali haionekani": fundi wa rangi kaniharibia gari, kisha kanitukana

Wakuu, nimetoka gereji sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Fundi mwenyewe mnamjua. Yule wa nyuma ya sheli, mwenye kofia ya sufi hata jua la saa saba. Simtaji, msiniulize.

Jumatatu bajaji ilinikwaruza mlango wa nyuma kushoto, mkwaruzo wa urefu wa kiganja. Gari ni nyeupe, ila si nyeupe ya ukuta wa zahanati. Ni Toyota nyeupe ya lulu, rangi namba 070, na kibati cha gari chenye namba hiyo nilimwonyesha kwa kidole changu. Akasema, "Bosi, nyeupe ni nyeupe." Ningechukua funguo zangu palepale.

Nimelipa laki mbili na nusu. Leo kalitoa gari chini ya mwembe, likagusa jua. Wakuu! Gari zima lina rangi ya maziwa, mlango una rangi ya chaki! Unang'aa kama jino la bandia! Mtoto wa chekechea akipita ataniuliza mlango huo nimeuazima kwa nani.

Nikamuuliza, fundi, hii ni nini? Akanijibu: "Simama mbali kidogo, bosi. Ukisimama mbali haionekani."

Nikarudi nyuma hatua tatu. Inaonekana. "Rudi tena kidogo." Nikarudi. Inaonekana. "Tena." Nikajikuta ng'ambo ya barabara, daladala inanipigia honi, konda ananitukana, na yeye kule ananipungia mkono: "Sasa je?" INAONEKANA! Ningefika Kibaha ingeonekana!

Mlango ule ndio ninaoufungua kila asubuhi kumpandisha mwanangu shule. Nisimame mbali, niufungue kwa upondo?

Kapuku Mjini: Tupia picha mkuu.

Mzee wa Msasa: 070 haipigwi mkupuo mmoja kama geti. Unaanza na msingi mweupe, juu yake lulu, mwisho kliya, ile vanishi isiyo na rangi. Lulu ikizidi au ikipungua koti moja, umeshapotea. Fundi makini anapiga kwanza kwenye kipande cha bati, anakitoa juani, anakilinganisha na gari. Tena anaisogeza lulu kwa kuififisha hadi paneli za jirani, jicho lisione mpaka. Na gari lililokaa juani miaka limeshapauka, namba peke yake haikuokoi. Kwa laki mbili na nusu ulitaka yote hayo?

Mleta uzi: Mzee wangu, kachanganya kwenye chupa ya maji ya nusu lita, kwa macho! Dukani rangi inapimwa kwa mizani, gramu kwa gramu. Yeye anatingisha chupa kama togwa, halafu mimi ndiye niambiwe nisimame mbali!

Bint Mwembeni: Kaka, na wewe ulirudi nyuma kweli? Mara tatu? 😂😂 Angekwambia panda mnazi ungepanda.

Kapuku Mjini: Picha bado?

Njoro wa Grogan: Pole sana ndugu. Huku Nairobi nilipigiwa bampa ya silva. Usiku inaoana na gari, mchana ni kijivu cha punda. Nikaambiwa eti bampa ni plastiki, ndiyo maana.

Mzee wa Msasa: Silva ndiyo ugonjwa mkubwa kuliko zote. Upepo wa bunduki ya kupulizia rangi ukibadilika kidogo tu, chembe za kung'aa zinalala vingine, ukizunguka gari unaona rangi mbili.

Mleta uzi: Sawa, lakini wewe Njoro hukuambiwa usimame mbali. Mimi nimeambiwa. Mbele ya vijana wake wanne, wanacheka!

Chuma cha Doria: Mwenye bajaji alilipa?

Mleta uzi: Alikimbia. Uzi si wa bajaji.

Chuma cha Doria: Ungekuwa wa bajaji ningechangia vizuri. Wamenivunjia saiti mira mbili mwaka huu, na ukimshika anakuambia chombo si chake, ana hesabu ya jioni.

Bint Mwembeni: Bajaji afadhali. Hawa wanaosha magari wanaofuta kwa kitambaa kimejaa mchanga! Boneti yangu nyeusi ina miduara kama sahani ya bati.

Njoro wa Grogan: Nyeusi ukiiosha juani unajitafutia. Maji yanakauka yanaacha madoa.

Bint Mwembeni: Kwa hiyo nioshe usiku?

Mleta uzi: Jamani, mlango wangu! Nimrudishie gari au nidai hela?

Kapuku Mjini: Picha.

Chuma cha Doria: Kuna mwenye saiti mira ya Toyota IST, ya kushoto? Rangi yoyote, nitampa Mzee wa Msasa aipige.

Mzee wa Msasa: Lete na kibati.