Injini yapiga kishindo na kutema moto: mbona rubani hakuizima papo hapo?

Abiria wa Dirishani
Wakuu, naomba ufafanuzi. Ndege ilikuwa ndiyo kwanza imeacha ardhi, injini ya upande wangu ikapiga vishindo mfululizo, na kila kishindo ulimi wa moto ukachomoza nyuma. Tuliyumba kidogo tukaendelea kupaa. Ilipita muda ndipo rubani akatangaza kwamba tunarudi. Alikuwa akisubiri nini? Na ule moto ulikuwa wa nini?

Fundi Turbini
Pole sana ndugu. Kwa maelezo yako, inaelekea hewa ilikwama kwenye kompresa. Kazi ya kompresa ni kusukuma hewa kuelekea chumba cha mwako, ambako shinikizo ni kubwa. Mapanga yake yakishindwa, labda yamelika au injini imemeza bata mwitu, hewa hurudi mbele kwa nguvu. Hicho ndicho kishindo. Mafuta yasiyoungua ndani huwakia nje, na mara nyingi injini yenyewe haiungui.

Rubani kwanza huirusha ndege. Ndege ya abiria yenye injini mbili lazima iweze kuendelea kupaa kwa moja, kwa hiyo haraka ya kuzima haipo. Marubani wote wawili wakubaliane kwanza mbovu ni ipi. Nalisisitiza hili kwa sababu ya ajali ya ndege ya Kegworth, Uingereza, 8 Januari 1989. Panga la feni la injini ya kushoto ya Boeing 737-400 lilivunjika, marubani wakazima ya kulia, iliyokuwa nzima! Wakati huohuo ile mbovu ikapunguzwa nguvu, mtetemo ukatulia, wakaamini wamepatia. Wakikaribia kutua, ya kushoto nayo ikafa. Watu 47 walipoteza maisha.

Mama Wawili
Jamani! Na huko nyuma hakuna aliyeuona moto?

Fundi Turbini
Waliuona, mama, abiria wengi na wahudumu watatu. Kapteni alitangaza kwamba hitilafu ni ya kulia, na hakuna aliyempelekea habari kwamba moto uko kushoto. Inaniuma kila nikiisoma taarifa ya uchunguzi wa ajali ile. Kwenye ndege nyingi rubani haioni injini akiwa kitini. Kwa hiyo ukiona kitu mwambie mhudumu, hata kama tangazo limeshatolewa: umeona nini, na ni upande gani. Kushoto na kulia ni kwa mtu anayetazama mbele ya ndege. Taja na namba ya safu yako.