Tupeane uzoefu: siku tulivu uliyotoka na mwenzi wako msimu wa baridi, wawili tu

Mpandamlima

Wakuu, habari za jioni. Nyuzi za ndoa tunazosoma kila siku ni za usaliti, mawifi na talaka. Sizibezi, watu wana maumivu ya kweli. Lakini leo nataka tukusanye zile siku ndogo ambazo hazikuwa na sherehe wala kamera, mlitoka tu na mwenzi wako, hali ya hewa imepoa, mkarudi nyumbani mmeshiba bila kujua mmeshiba nini. Walioko Ulaya na Marekani karibuni na vuli yenu ya majani kupukutika, sisi tutaleta kipupwe chetu.

Naanza mimi. Mimi na mama watoto tuna miaka 11 kwenye ndoa, watoto watatu, tunaishi Dar. Mwaka jana mwezi wa saba mama mkwe alikuja kututembelea, akatuangalia siku mbili tatu, kisha akasema mwenyewe: "Ondokeni kidogo, wajukuu nitabaki nao." Tukapanda basi la Lushoto.

Kipupwe cha Dar ni kuzima feni, basi. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya Julai ukisema neno unaona mvuke unatoka mdomoni. Basi likishaiacha barabara kuu pale Mombo linaanza kupanda, kona baada ya kona, upande huu ukuta wa mlima, upande ule korongo. Mke wangu anaziogopa zile kona. Alinishika mkono kona ya kwanza, hakuuachia mpaka stendi ya Lushoto. Njiani nikawa nakumbuka ni lini mara ya mwisho tulishikana mikono kwa muda mrefu namna ile. Sikupata jibu.

Kesho yake tukaenda Irente kwa miguu, mwendo wa zaidi ya saa moja kutoka mjini. Njia inapita kwenye mashamba ya kabeji na karoti, akina mama wa Kisambaa wanakusalimia hata kama hawakujui, na ukisimama kujibu vizuri wanafurahi kweli. Pale shambani Irente wanauza mkate mzito wa kahawia, jibini na jamu wanazotengeneza wenyewe. Tukanunua, tukafunga kwenye kitenge, tukaendelea mpaka kwenye lile jiwe la ukingoni.

Tulipofika hatukuona kitu. Ukungu mtupu, kama mtu ametandaza pamba kuanzia miguuni. Kijana mmoja akatuambia tusubiri. Tukakaa. Hapo ndipo ilipo hadithi yangu, maana tulikaa kama saa nzima bila la kufanya. Mtandao hauna nguvu, watoto hawapo, hakuna wa kuita "baba" wala "mama". Sketi ya mke wangu ilikuwa imejaa kishona nguo tuliyoizoa njiani. Nikaanza kumchambua, punje moja moja, kuanzia kwenye pindo. Yeye anakata mkate kwa kisu kidogo, ananilisha kwa sababu vidole vyangu vina kazi. Hatukuzungumza jambo la maana. Nakumbuka aliniuliza kama jibini lina chumvi nyingi, nikasema kidogo.

Kisha ukungu ukapasuka. Kule chini tambarare yote ikatokea, mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, barabara kama uzi, na upande wa magharibi nyika inaenda mpaka macho yanachoka. Mke wangu alisimama, akasema, "Kumbe tulikuwa tumekaa juu ya haya yote." Mpaka leo nikimwona amechoka jikoni naikumbuka sauti yake alivyosema vile.

Gharama yetu ilikuwa nauli, chumba cha kawaida na ule mkate. Haya, zamu yenu.

Nesi wa Usiku

Asante kwa uzi huu, Mpandamlima. Mimi niko Minneapolis, Marekani, mwaka wa tisa sasa. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, mume wangu anaendesha lori. Kwa miaka minne ya kwanza vuli kwetu ilikuwa ni majani ya kufagia na onyo kwamba theluji inakuja. Tulikuwa tunapishana mlangoni, mmoja anaingia, mwingine anatoka.

Ilikuwa Jumapili ya Oktoba, sote hatuna zamu, jambo ambalo halitokei. Mume wangu akasema twende Minnehaha. Ni maporomoko yaliyo ndani ya mji, maji yanaanguka kama mita 16, na kuzunguka kote ni miti. Nilidhani nitaona majani ya njano. Nikakuta mti mzima mwekundu kama kanga mpya, na chini yake zulia la majani mekundu vilevile, wala huoni udongo.

Mzee mmoja tuliyemkuta kwenye benchi alitueleza kitu ambacho sijakisahau. Siku zikifupika na baridi ikiingia, mti unaacha kutengeneza ile rangi ya kijani. Kijani kikiondoka, njano inayoonekana ni ile iliyokuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa tu. Nyekundu ndiyo mti unaitengeneza wakati huohuo wa vuli, na inakolea zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na ubaridi usiofikia barafu. Mume wangu alimsikiliza kwa makini kama mwanafunzi. Tulipoondoka akaokota jani moja, akaniwekea kwenye mfuko wa koti, hakusema neno. Yule mwanaume si mtu wa maneno. Jani lile liko ndani ya Biblia yangu.

Jioni tukapita kwenye shamba la matufaha ambalo unachuma mwenyewe. Huku wanajivunia sana tufaha liitwalo Honeycrisp, lilizalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota na kutolewa kwa wakulima mwaka 1991. Ukiliuma linapasuka, maji yanakuchuruzika mpaka kidevuni. Tulikula mawili mawili ndani ya gari, kisha tukalala humohumo kwenye viti, vioo vimefungwa, jua limetupiga usoni. Kwa watu wa zamu za usiku kulala pamoja mchana ni anasa, naomba mniamini.

Fundi Cherehani

Wakuu, nasoma na nawapongeza kwa dhati. Ila niseme ukweli wangu. Mimi ni fundi nguo Mbagala, mke wangu anauza vitumbua asubuhi na chapati jioni. Jumapili ndiyo siku ya watu kuchukua nguo zao. Lushoto na Marekani kwangu ni mbali. Mtu kama mimi anaanzia wapi? Tuna miaka sita kwenye ndoa na hatujawahi kutoka wawili bila kuwa tunaenda msibani au kliniki.

Mpandamlima

Fundi, swali lako ni la haki kabisa. Tafuta siku yenye kazi chache, labda Jumatatu. Nendeni feri, mvuke Kigamboni. Nauli ya mtembea kwa miguu nilipovuka mara ya mwisho ilikuwa shilingi 200. Mkifika ng'ambo tembeeni ufukweni. Vitumbua mnavyo. Ukienda urudi hapa utuambie.

Bi Mkubwa wa Maskati

Wanangu, assalamu alaykum. Mie ni mtu mzima, nimezaliwa Unguja, nimezeekea Omani. Mnasema vuli na kipupwe, basi nikwambieni na yetu. Kwa Kiarabu kharif ndiyo hiyo vuli, majani kupukutika. Lakini Wadhofari, watu wa Salala kule kusini mwa Omani, wakisema kharif wanakusudia mvua. Pepo za kusi zinaleta ukungu na manyunyu kuanzia mwisho wa Juni mpaka Septemba, milima yote inageuka kijani, na sisi huku Maskati tunaungua kwa joto la kupita digrii 40.

Bwana wangu alikuwa hapendi safari. Mwaka huo akasema twende, tena kwa gari. Ni kama kilomita 1,000, na nyingi yake ni jangwa, hamna hata kichaka. Tumekwenda siku mbili, tunasikiliza Kurani, tunanyamaza, tunakunywa kahawa kwenye chupa. Ukishapita Thumrait ukaanza kushuka mlima, ghafla gari linaingia ndani ya wingu. Mvua ndogo, ile ya kulowesha kope tu. Ng'ombe na ngamia wanakatiza barabarani wamenona. Bwana wangu akashusha kioo, akatoa mkono nje kama mtoto.

Salala kuna minazi, migomba na mipapai, na kando ya barabara vibanda vinauza madafu. Muuzaji akamfungulia dafu, akampa na kijiko cha plastiki. Bwana wangu akakirudisha. Akamwomba amchongee kijiko kwenye ganda la dafu lenyewe, kama tulivyokuwa tukifanya kwetu. Yule kijana hakufahamu, basi akachukua panga mwenyewe akachonga viwili, kimoja changu. Tulikuwa na miaka zaidi ya 30 hatujala dafu hivyo. Tulikaa kwenye manyunyu, nguo zinalowa, tunakomba ule utando laini. Nilimwona ananitazama, nikamuuliza una nini, akasema "Hamna, unakula kama ulipokuwa msichana."

Alhamdulillah, yuko hai, yuko hapa sebuleni anasinzia. Magoti yamekataa, hatwendi tena kwa gari.

Mwalimu Mstaafu

Nawasalimu kutoka Nairobi. Yetu ni fupi. Mke wangu na mimi tulikuwa na mvutano wa mambo ya mkopo, tumekaa siku nne tunazungumza kupitia watoto. Jumamosi moja ya Julai, ile baridi ya Nairobi ya mawingu yasiyofunguka, akaniambia, "Vaa viatu, twende Karura."

Msitu wa Karura una zaidi ya hekta 1,000 katikati ya jiji. Tuliingia kwa lango la Limuru Road, tukafuata njia ya maporomoko. Saa ya kwanza hatukusema kitu. Ukisikia ule ukimya wa msitu, mianzi inasuguana, kima wanaruka juu, unaona aibu kuuvunja kwa maneno ya mkopo. Tulipofika kwenye mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia, mke wangu akanikumbusha Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walivyopigwa langoni walipokwenda kupanda miti, wakati msitu huu ulikuwa unagawiwa watu wajenge. Tulikuwa wachumba wakati ule. Akasema, "Ungekuwa nyumba za watu leo, tungeenda kununiana wapi?"

Sote tukacheka. Nilicheka mpaka nikashika mti. Tukanywa chai ya thamosi kikombe kimoja, na habari ya mkopo tukaimaliza tukiwa tunateremka, kwa dakika kumi hivi.

Wa Gangilonga

Mimi wa Iringa. Mwenzangu alitangulia mbele ya haki miaka mitatu iliyopita. Nilisita kuandika kwa sababu mnaongea na walio hai, lakini nahisi na yangu ina nafasi hapa.

Tulikuwa na desturi ya Jumapili kupanda jiwe la Gangilonga, jina ambalo kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Kutoka juu unauona mji wote. Mwezi wa sita na wa saba Iringa ina upepo wa kuuma, kwa hiyo tulibeba blanketi moja na mahindi ya kuchoma tuliyonunua njiani. Yeye alipenda mahindi yaliyoungua kidogo, mimi yale laini, hivyo tulikuwa tunabadilishana katikati, kila mmoja anakula upande wake wa gunzi. Tulitazama jua likizama, taa zinaanza kuwaka mtaa kwa mtaa, yeye anataja ni mtaa gani umetangulia. Ni hayo tu, miaka 19.

Bado naenda. Nanunua hindi moja, nawaambia waliunguze kidogo.

Nesi wa Usiku

Baba yangu, pole sana. Umenifanya nimpigie mume wangu barabarani, yuko Iowa na lori lake. Tumeongea nusu saa.

Bi Mkubwa wa Maskati

Mungu amrehemu. Endelea kupanda jiwe, mwanangu.

Fundi Cherehani

Nimerudi, ni siku nane tangu niulize. Jumatatu nilifunga cherehani saa nne asubuhi. Mke wangu alidhani naumwa. Nikamwambia avae, twende Kigamboni. Akauliza kuna msiba wa nani. Nikasema hakuna.

Tulipanda daladala mpaka feri, tukavuka. Kwenye pantoni alisimama pale mbele kabisa, upepo unampiga, kanga imemkaa vizuri, nikaona watu wanamwangalia na mimi nikamwangalia kama wao. Ng'ambo tukatembea ufukweni mpaka zilipokuwa ngalawa za wavuvi zimepandishwa. Tulikula vitumbua vyake sita na chai ya tangawizi. Alinieleza kwamba huwa anaamka saa tisa usiku ili moshi wa jiko usiniamshe, anahamishia jiko nje hata mvua ikinyesha. Miaka sita, sikujua.

Tulipomaliza kula akalaza kichwa kwenye paja langu, akasema anapumzisha macho. Akalala usingizi mzito wa kukoroma kabisa. Nilishika kanga kwa mikono miwili kumkinga jua, kama saa nzima na zaidi. Mguu ukafa ganzi, sikuusogeza.

Alipoamka alishtuka, akauliza pantoni la mwisho linaondoka saa ngapi. Nikamwambia linavuka usiku kucha. Akarudisha kichwa.