Hadithi ya utenzi anaielewa, ila hali na sauti zinamshinda. Nisaidieni

Mama wa Kisauni
Jamani salamaleko. Binti yangu yuko kidato cha pili, wamepewa utenzi wa Fumo Liyongo, ule wa Muhammad Kijumwa wa 1913. Kisa anakijua chote, ukimuuliza nani kamuua na kwa nini anakupa bila kusita. Sasa akiulizwa toni, ama mbinu za sauti zinasaidiaje hadithi, anaandika "mizani ni 8, vina vinafanana" (yaani silabi nane kila mstari, na miisho ya mistari inalingana sauti) basi, amepata maki moja kwa nne. Mie mwenyewe nimeangalia sijui nimwambie nini. Hizo sauti zina kazi gani hasa?

Mwalimu mstaafu
Waleikum salaam mama. Kwanza mwambie afunge mdomo kuhesabu afungue mdomo kusoma, kwa sababu tendi zilitungwa zighaniwe watu wamekaa wasikilize, ukizisoma kimyakimya na kalamu mkononi nusu ya kitu imekwenda. Haya tazama ubeti huu, nimeutunga sasa hivi:

Upepo wavuma pwani
mashua i mashakani
mama yuko mlangoni
taa yake yazimika

Hizo tatu za mwanzo zinaishia *ni, ni, ni*, zinasukumana kama mawimbi pale feri, sikio lishazoea linangoja *ni* nyengine, halafu inakuja *ka* na taa imezimika. Mstari uliobadilisha kina ndio uliobeba msiba, na hiyo *ka* itarudi mwisho wa kila ubeti mpaka utenzi uishe. Hivyo ndivyo anavyotakiwa kujibu, aseme sauti imebadilika wapi na kwenye kisa pametokea nini papo hapo. Na asichanganye, toni ni vile anayesimulia anavyosikika, hapa ana huruma, hali ni ile hofu inayokuingia wewe unayesoma.

kijana wa Likoni
Naongeza tu hiyo "wavuma", ile *v* na *m* ukiivuta unausikia upepo wenyewe

Mwalimu mstaafu
Sawa kwa hapo kijana, lakini tuwe waangalifu, si kila *m* ni upepo, kwenye "mama" haivumi kitu. Maana itangulie, sauti ifuate.

Mpenda tendi
Dada, mwambie huyo binti arudi kwa Liyongo alipokuwa gerezani. Anasubiri kuuawa, anaomba achezewe ngoma ya gungu kwa mara ya mwisho, na mamake kashamletea mkate wa wishwa ndani mna tupa, kile chombo cha kukereza chuma. Matoazi yanalia, watu wanaitikia, na chini ya kelele hiyo yeye anakereza minyororo, hakuna anayesikia tupa inavyokwaruza. Yaani kwa walio nje ile ni furaha ya ngoma, kwa wewe unayejua ni roho mkononi, hali mbili kwenye sauti moja! Halafu alinganishe na mwisho, kashachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, amepiga goti karibu na kisima na upinde wake, amekufa na watu hawajui, mji mzima una kiu hakuna anayethubutu kwenda kuteka maji. Pale pamenyamaza kabisa. Mie nikifika hapo wallahi nasoma polepole bila kuambiwa.

Mama wa Kisauni
Ahsanteni sana. Jana baada ya magharibi tumekaa naye barazani akasoma kwa sauti, pale kwenye gungu alikimbia nikamwacha, alipofika kisimani akapunguza mwenyewe. Nikamuuliza mbona umepunguza, akasema "mama, hapa wanaogopa." Nikamwambia aandike hilo hilo na ataje mstari uliomfanya apunguze. Lakini mwalimu, je, mshororo, yaani mstari, ukiwa na mizani 7 badala ya 8, hilo ni kosa ama mshairi amekusudia?

Mwalimu mstaafu
Hesabu tena kwanza, ile *m* ya "mlangoni" ni mizani peke yake, wengi wanaipoteza hapo.