Walimu mnaoandika: tupeane uzoefu wa uzinduzi wa vitabu na majukwaa ya mashairi hapa Dar

Chaki_na_Wino
Wadau, jana natafuta cheti cha mtoto uvunguni nikakutana na boksi. Nakala 63 za diwani yangu, mchwa wameshaanza kwenye kona. Nikakaa sakafuni nikacheka peke yangu, baba watoto akadhani nimepata wazimu.

Nilikopa SACCOS milioni moja na nusu, nikachapisha nakala 200 Kariakoo. Uzinduzi saa nane mchana, Jumamosi, ukumbi mmoja maeneo ya Posta. Mgeni rasmi kafika saa kumi na moja kasoro. Watoto wa ngonjera niliowatoa Mbagala wamelala kwenye viti, sambusa zimeisha, wamekula wapiga picha. Kasimama, itifaki imezingatiwa, akasema kitabu hajakisoma ila jalada limemvutia.

Basi MC akaanzisha mnada. Nakala ya kwanza nani? Mheshimiwa kanyoosha mkono: milioni mbili! Mama yangu alipiga vigelegele mpaka kilemba kikamdondoka. Meza kuu nzima ikafuata, huyu laki tano, huyu laki tatu. Tunafunga, ahadi milioni nne na laki mbili. Taslimu mkononi: elfu 68.

Jumatatu nampigia msaidizi wake. "Mwalimu, Mheshimiwa yuko safarini." Nimepiga miezi minane, safari haijaisha. Makato ya mkopo yamekula mshahara mwaka na nusu, na kidato cha pili wananiita Mama Milioni Mbili.

Nyie wenzangu yaliwakuta yapi?

Kisima_cha_Vingunguti
Ahadi za mnada na ahadi za fundi cherehani kuelekea Idi ni ndugu wa tumbo moja 😂

Guni_Marufuku
Mimi niliitwa jukwaa la mashairi Mikocheni. Malipo? "Mwalimu, utajitangaza." Bodaboda kutoka Kimara kwenda na kurudi nimejilipia. Kijana aliyenitangulia kasoma kitu hakina vina wala mizani, makofi kama uwanja wa mpira. Nikapanda mimi, nane kwa nane, kibwagizo kimetulia, watu wanachezea simu.

Pwani_Huru
Labda shida si simu. Huo ugomvi wa vina na mizani wazee waliupigana tangu miaka ya 1970, na wewe bado unahesabu vidole jukwaani.

Guni_Marufuku
Kuhesabu ndiyo ufundi. Aliyeshindwa kuhesabu anaita uhuru.

Pwani_Huru
Na aliyekosa la kusema anaongeza "kweli" na "jama" zitimie nane.

Mzee_wa_Itifaki
Nyie wawili fungueni uzi wenu.

Mtoro_wa_Zamu
Hili nimelificha muda mrefu ila leo acha niseme.

Tangu UNESCO itangaze 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, sisi washairi tuna wiki moja kwa mwaka ya kutafutwa kama maembe ya msimu. Siku yenyewe ni Sabasaba, shule imefungwa, hakuna shida. Mimi nikapangiwa siku mbili kabla, na nilikuwa mwalimu wa zamu. Mkuu wa shule hatoi ruhusa ya "mambo ya ngonjera". Nikamwambia nimefiwa na shangazi yangu, Tanga.

Sasa nilichosahau, walimu ni watu. Sijafika kituoni, daftari la rambirambi limeshazunguka ofisini. Elfu tano tano, mpaka mpishi wa shule katoa elfu mbili. Jumla elfu 87, zikaingia kwenye simu nikiwa nyuma ya jukwaa, nimevaa koti la kuazima.

Nikapanda. Shairi lenyewe linahusu ukweli. Ubeti wa tatu naona kamera ya televisheni inanisogelea. Mwenye akili angeinamisha kichwa. Mimi nikapandisha sauti.

Saa mbili usiku, taarifa ya habari: sura yangu, jina langu, na chini yake jina la shule. Simu ikaita. Wa kwanza kupiga alikuwa shangazi marehemu. "Mwanangu nimekuona! Umependeza!"

Bi_Mkunjo
SHANGAZI MAREHEMU 😂😂😂 nimemwamsha mtoto

Kisima_cha_Vingunguti
Uzi umeshatekwa. Mleta mada pole.

Mzee_wa_Itifaki
Mnacheka nini? Kumzika mzima kwa mdomo ni kumtafutia balaa. Na hizo fedha za watu ni wizi.

Bi_Mkunjo
Mzee tulia, shangazi mwenyewe kafurahi. Mtoro, siku nyingine sema tumbo. Tumbo halina rambirambi.

Dawati_la_Nyuma
Usidanganye kabisa. Waambie waandaaji wamwandikie mkuu barua yenye mhuri. Mkuu wa shule akiona mhuri analegea.

Guni_Marufuku
Wa kwangu aliona mhuri akataka aalikwe yeye.

Dawati_la_Nyuma
Mleta mada nawe achana na mageni rasmi. Peleka kazi Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu pale Taasisi ya Elimu, zinatolewa tangu 2023. Muswada haupigiwi mnada.

Pwani_Huru
Yake imeshachapwa, ndugu. Tatizo ni boksi.

Kisima_cha_Vingunguti
Auze kwenye vikao vya wazazi.

Bi_Mkunjo
Thubutu! Kesho utasikia mwalimu anauzia watoto vitabu kwa lazima.

Mzee_wa_Itifaki
Mtoro hajajibu. Elfu 87 zilirudi?

Mtoro_wa_Zamu
Nilikuwa nimeshazigusa. Mkuu alinipa barua ya kujieleza, kurasa mbili, hiyo ndiyo insha ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika. Kisha nikapita meza kwa meza, kila aliyechanga nikampa kitabu changu, bei yake elfu tano. Walipokea wamenuna. Jikoni mpishi akakigeuzageuza, akauliza bei. Nikamwambia. Akafungua kanga, akahesabu elfu tatu akanipa. "Mimi nilitoa mbili tu."

Hiyo ndiyo nakala pekee niliyouza mwaka ule.

Chaki_na_Wino
Huyo mpishi yuko shule gani? Kesho nakuja na boksi.