Chui mweusi wa Laikipia: kummulika usiku kukomeshwe?

Nyikani254: Wakuu, nauliza. Giza, yule chui jike mweusi wa Laikipia, Kenya, anayetafutwa na wapiga picha wa dunia nzima, ni sawa kufuatwa usiku na magari na kumulikwa? Kwenye mbuga za KWS (shirika la serikali la wanyamapori) jioni geti linafungwa, hakuna kuzurura. Laikipia ni hifadhi za watu binafsi na za jamii, kwa hiyo giza likiingia ndiyo kazi inaanza. Mimi nasema ikome. Najua bila yule mpiga picha Mwingereza, Will Burrard-Lucas, na picha zake za chui mweusi za 2019 tusingejua hata kama tuna mnyama huyu, lakini kila kitu kina mpaka.

Achieng_M: Tusingejua? Wewe na nani? Phoebe Okall wa gazeti la Nation alipiga picha ya chui mweusi hukohuko Laikipia mwaka 2013. 2019 magazeti ya Ulaya yakaandika "wa kwanza baada ya miaka 100" nanyi mkaitikia amina.

Kipepeo_TZ: Dada, punguza moto. Hiyo miaka 100 ilitokana na watafiti waliotega kamera hifadhi ya Loisaba, hukohuko Laikipia. Walisema picha ya zamani iliyothibitishwa ni ya Addis Ababa, 1909. Na huyo wa 2013, si kulikuwa na maneno kwamba ni wa kufugwa?

Achieng_M: Maneno ya nani? Mwafrika akipiga picha, mnyama ni wa kufugwa. Mzungu akitega kamera ijipige yenyewe, yeye yuko hemani anakoroma, huyo shujaa.

Dereva_Nanyuki: 😂 Hapo kwa hema umenimaliza. Ila tuseme ukweli, kamera ya kutega ina afadhali. Chui anapita njia yake ya kila siku, anakata mwali wa kifaa cha kuhisi, flashi inawaka, yamekwisha. Shida ni sisi wa magari. Redio ikishaita, tunafika watatu, wanne, na mgeni akishapata picha anataka chui ageuze shingo. Mwenye adabu anaweka kioo chekundu mbele ya taa, na hammuliki akiwa anawinda au yuko na watoto.

Nyikani254: Na wasio na adabu?

Kamau_wa_Juu: Yule kijana wa Kitengela, Richard Turere, alifunga taa kwenye boma la baba yake, simba wakaacha kuja. Simba anakimbia taa, chui anazipenda?

Dereva_Nanyuki: Zile zinawaka na kuzima, simba anadhani mtu anazunguka na tochi. Usichanganye mambo, bwana.

MzeeWaRumuruti: Nyinyi mna kamera, mimi nina mbuzi. Chui akishaingia bomani haridhiki na mmoja. Leo naambiwa nisimmulike? Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilisema mfugaji atafidiwa. Fomu nilijaza, ikapigwa muhuri, ikaenda. Naingoja. Mweusi au wa madoadoa, asubuhi mzoga ni uleule.

Kipepeo_TZ: Pole sana mzee. Ila kwa kuongezea tu, mweusi naye ana madoa. Ni chui yuleyule, jeni tu imemtia weusi, na anaweza kuzaa watoto wa rangi ya kawaida. Ukimpiga kwa kamera ya infraredi madoa yote yanatokeza.

MzeeWaRumuruti: Kijana, mimi nimesema mbuzi.

Bi_Sauda: Mnabishana taa, na hapohapo mnapakia picha zenye GPS ndani yake, inayoonyesha mahali zilipopigwa. Mwindaji ana haja gani ya kufuata nyayo? Ngozi ya chui bado ina wanunuzi. Zimeni hiyo kitu kwenye simu kabla hamjafika getini.

Achieng_M: Sawa Bi Sauda, lakini Kipepeo hajanijibu. Maneno ya nani?

Kipepeo_TZ: Dada, niliyasoma wakati ule. Sikuyatunga.

Achieng_M: Uliyasoma wapi? Kwenye magazeti yaleyale.

Dereva_Nanyuki: Jamani, pesa za hao wageni ndizo zinalipa askari wa doria. Mkizima taa zote mzime na mishahara.

MzeeWaRumuruti: Wewe dereva, hebu sema. Mgeni analipa ngapi kwa usiku mmoja?

Dereva_Nanyuki: Mzee, hilo waulize wenye kambi. Mimi ni wa usukani.

MzeeWaRumuruti: Wa huku kwetu niliwauliza. Walinipa kofia.