Ushauri: Sigara za ng'ambo zinaua duka langu Gungu

Muuza Duka Gungu: Wakuu, habari za jioni. Nina duka dogo la rejareja hapa Gungu, Kigoma. Wateja wanakatika. Jirani anauza sigara za ng'ambo ya ziwa kwa bei iliyo chini ya ile ninayonunulia mimi kwa jumla. Sigara haina faida kubwa, ila ndiyo inayomleta mtu. Akija kuchukua mbili za jioni anaondoka na kiberiti, vocha na sukari nusu kilo. Akihamia kwa jirani, vyote vinahama naye. Nifunge au niongeze mtaji? Silali.

Mzee wa Kibirizi: Weka unga na mchele, mkuu. Mimi nilianza kwa kupima mawese pale sokoni, leo nina fremu mbili. Vijana hamna subira.

Urambo Halisi: Sigara yenyewe sumu, achana nayo. Sisi huku tumekulia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, usiku kucha unachochea moto, macho mekundu. Makato ya chama cha msingi cha ushirika yakipita, mzee anabaki na deni la mbolea. Na usije ukawauzia watoto, sheria ya 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18.

Dada Mwandiga: Mleta mada, kuna kitu unaficha. Wateja wa jirani hawamkoseshi mtu usingizi hivyo. Umeshazichukua?

Muuza Duka Gungu: Katoni mbili tu, dada, mali kauli. Mwenye boti namlipa Jumamosi. Ningefanyaje na kodi ya fremu imefika? Jirani anauza siku zote hajaguswa. Halafu mimi siziweki mezani, nampa ninayemfahamu.

Wakala wa Forodha: Hilo la kutoziweka mezani ndilo linaloonyesha unajua. Soma Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 200. Kukutwa na bidhaa isiyolipiwa ushuru, huku unajua au ulipaswa kujua, ni kifungo hadi miaka 5, au faini ya asilimia 50 ya thamani yake, au vyote viwili. Pakua Hakiki Stempu, programu ya simu ya TRA, mamlaka ya mapato, uone pakiti halali inavyosoma. Leseni ya duka ina jina la nani?

Muuza Duka Gungu: La shangazi. Yuko Kasulu msibani. Duka ananiachia mimi, faida tunagawana.

Kijana wa Ujiji: Chai hii. Shangazi, msiba, boti ya Jumamosi, kila kitu kimepangika. Huyu ni mtu wa mapato anavua majina ya wenye boti. Mimi nasepa.

Mpita Njia: Au mwenye boti mwenyewe anatafuta wateja.

Muuza Duka Gungu: Nani hapa nimemuuliza jina? Sijataja mtu na sitataja. Pakiti ninayo mkononi: onyo ni la Kifaransa, pa kubandika stempu patupu, na nailoni inateleza kwa mawese maana katoni zilikaa chini ya madumu. Mteja mmoja karudisha, anasema zinanuka. Hayo nimeyatunga?

Kijana wa Ujiji: Mtunzi mzuri hashindwi na mawese.

Dada Mwandiga: Hata kama ni hadithi, shangazi wa namna hiyo mimi ninaye. Wakija kukagua, jina litakaloandikwa ni lake, mwanamke aliyekuamini akaenda kuzika. Anajua?

Muuza Duka Gungu: Hajui. Nilitaka hizi ziishe kwanza.

Wakala wa Forodha: Usiuze hata moja zaidi. Wala usizirudishe botini usiku, kuzisafirisha nako ni kosa. Mwambie shangazi, mtafute wakili, kisha mwende wenyewe forodhani. Mtu akikiri kosa, Kamishna ana uwezo wa kulimaliza kwa faini bila mahakama, kifungu cha 219. Ukisubiri ukamatwe, kuomba hilo kunakuwa kugumu.

Urambo Halisi: Na jirani je? Yeye anabaki na wateja wote?

Mzee wa Kibirizi: Hiyo fremu iko barabarani? Ukifunga nijulishe.

Muuza Duka Gungu: Sifungi, mzee wangu. Kesho alfajiri napanda gari la Kasulu.