Ushauri: Nimepewa kazi ya kuhudhuria kikao cha walevi wanaopona, nikae vipi kama mtazamaji?

Kalamu Butu:
Wakuu, habari za humu. Naomba mawazo yenu, na wenye matusi tafadhali wapite kushoto.

Nasoma ustawi wa jamii. Muhula huu tuna somo la uraibu, na mwalimu ametaka kila mmoja wetu ahudhurie kikao kimoja cha kikundi cha kusaidiana, iwe AA (cha wanaoacha pombe), NA (cha wanaoacha dawa za kulevya) au kingine, atazame, kisha aandike ripoti ya kurasa nne. Mimi sijawahi kuishi na mtu mwenye tatizo hili. Sijui wanakaaje wala wanaongea nini. Nikifika nijitambulishe kama nani? Nikipewa zamu ya kuongea niseme nini? Naruhusiwa kuandika pembeni? Na nikikaa kimya nyuma kabisa, kuna ulazima gani wa kusema kwamba ni mwanafunzi? Nahisi wakijua watabana midomo na nitakachoona hakitakuwa cha kweli.

Kikao ni Alhamisi. Usiku silali vizuri.

Nusu Shari:
Kurasa nne ndizo zinakunyima usingizi? Ukipewa utafiti wa mwaka wa mwisho si utalazwa.

Shangazi Mkali:
Mwanangu, kabla ya kwenda kuwatazama wenzio, jitazame. Wewe unakunywa au hunywi? Maana vijana mnasomea uraibu darasani, jioni mnaufanyia mazoezi.

Fundi Saa:
Mdogo wangu, mimi ni mmoja wa hao unaotaka kuwatazama, kwa hiyo nitajibu ulichouliza.

Vikao viko vya aina mbili. Cha wazi anaingia yeyote: mke wa mlevi, muuguzi, mwanafunzi, hata mdadisi tu. Cha ndani ni cha mwenye tatizo, au anayehisi analo na anataka kuacha. Wanafunzi tunawapata sana kwenye vikao vya wazi na sijaona mtu aliyebana mdomo kwa ajili yao. Mtu aliyekuja kutapika sumu yake hamwangalii mwanafunzi.

Piga simu kwanza uulize kipi ni cha wazi. Fika mapema kidogo, mwone anayeongoza, mwambie unasoma na umekuja kutazama. Zamu ya kujitambulisha ikikufikia, taja jina la kwanza tu na useme wewe ni mgeni mtazamaji. Hakuna atakayekushika shati uongee. Hata mwanachama akisema "leo nasikiliza tu", zamu inasonga. Daftari liache kwenye mkoba, na kurekodi usiwaze kabisa. Ukitoka nje ndipo uandike, na uandike kuhusu kikao chenyewe: kinafunguliwaje, nani anashika muda, kwa nini mtu akimaliza kushea hakuna anayemjibu wala kumshauri. Hilo la kutojibizana litampendeza mwalimu wako, maana wageni wote hudhani wanakuja kuona watu wakishauriana. Nani kasema nini, hilo haliandikwi. Kikapu cha mchango kikipita, kiache kipite. Mila ya 7, moja ya kanuni 12 za vikundi hivi, inataka kikundi kijitegemee kwa mifuko ya wanachama wake, na wewe si mwanachama.

Ila kukaa nyuma ukajifanya mmoja wetu, hapana. Hicho cha Alhamisi ni cha wazi?

Bundi wa Zamu:
Umenikumbusha mbali. Niliwahi kumsindikiza bosi wangu kama dereva, nikaambiwa niingie nisikae peke yangu nje. Nikasinzia. Kushtuka nasikia anayeongoza anauliza, "Kuna mwenye saa ishirini na nne hapa?" Mimi nikadhani wanatafuta mtu wa zamu ya usiku, nikanyoosha mkono. Ukumbi mzima makofi! Nikaitwa mbele, nikakumbatiwa, nikapewa sarafu ya plastiki ya kutimiza siku moja bila pombe. Na kweli nilikuwa sijanywa siku hiyo, nilikuwa naendesha. Sarafu iko kwenye funguo mpaka leo. Bosi alirudi kwenye chupa, halafu akaacha tena, sasa hivi yuko vizuri, anafuga njiwa.

Nusu Shari:
Bundi umepewa medali ya mechi ambayo hukucheza 😂😂

Msoma Pembeni:
Swali la msingi hapa ni je, vikao hivi vinasaidia? Kwa miaka mingi wataalamu walivibeza. Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, walitoa mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Kwa mtu anayetaka kuacha pombe kabisa, programu zilizopangwa vizuri za kumuingiza kwenye AA zilifanya vizuri kuliko tiba nyingine kama ile ya kubadili fikra na mwenendo. Kwa vipimo vingine, kama kiasi anachokunywa, zilikwenda sawa nazo. Weka hilo kwenye ripoti. Pia gusa historia: AA ilianza 1935 huko Akron, Ohio, baada ya Bill Wilson, mtu wa soko la hisa, kukutana na daktari wa upasuaji Bob Smith, wote walevi. NA ikafuata 1953 huko California.

Mama Wawili:
Msoma, hajauliza kama vinasaidia. Kauliza akae wapi.

Kalamu, Fundi Saa kakuuliza jambo na umepita kimya. Hicho cha Alhamisi ni cha wazi au cha ndani?

Kalamu Butu:
Asanteni wote. Fundi Saa, ubarikiwe sana.

Ni cha ndani. Ila nadhani watanielewa, ni kwa ajili ya elimu.

Mama Wawili:
Mwalimu kawaambia muende cha ndani?

Kalamu Butu:
Mwalimu katupa orodha ya vikundi vya wazi. Hiki nimekipata mwenyewe.

Mama Wawili:
Kwa hiyo una orodha nzima ya vya wazi mkononi na umechagua cha ndani. Kwa nini hicho?

Shangazi Mkali:
Hapo sasa. Mtoto wa mwenzio huyu, kuna kitu kakificha.

Kalamu Butu:
Muda wake unanifaa, na siyo mbali.

Halafu, Fundi, naomba unisahihishe. Nimesoma kwamba Mila ya 3 inasema sharti pekee la uanachama ni hamu ya kuacha kunywa. Hakuna fomu, hakuna ada, hakuna anayekupima. Mimi mwishoni mwa wiki huwa nakunywa, na mara nyingi naamka nikijiambia nipunguze. Kwa hiyo kwa mujibu wa sheria yao wenyewe siyo uongo mkubwa nikisema nina hamu hiyo. Tayari nimeshaongea na mtu wa simu yao na nikamwambia hivyo, akasema karibu.

Fundi Saa:
Kupunguza na kuacha ni vitu viwili, na wewe unajua. Mlango ule umeachwa wazi hivyo ili mtu anayetetemeka asije akakataliwa kwa kukosa karatasi. Huyo aliyepokea simu yako pengine kakuwekea kiti, na kuna mtu atakufuata baada ya kikao akupe namba yake ya simu umpigie hata saa nane za usiku. Utaipokea?

Nani yuko kwenye hicho kikundi?

Nusu Shari:
😳 Fundi kashika bomba kuu.

Kalamu Butu:
Sawa. Naomba msinihukumu.

Baba yangu. Aliondoka nyumbani nikiwa mdogo sana, mama akatulea peke yake. Juzi kwenye msiba shangazi yangu akaropoka kwamba mzee ameacha pombe, na siku za Alhamisi ndiye anayeongoza kikao. Akataja na mahali. Mzee hajui kwamba nimejua. Hawezi kunitambua, nimekuwa mtu mzima, nina ndevu. Sitaki ugomvi wala fedha zake. Nasikia watu wanaongea ukweli humo ndani. Nataka kukaa nyuma nisikie kama anatutaja.

Na kazi ya darasani ni ya kweli, sijadanganya. Nimeona tu niue ndege wawili kwa jiwe moja. Kwenye ripoti majina nitabadilisha.

Mama Wawili:
Uwiiii.

Shangazi Mkali:
Mzazi ni mzazi. Hata akikosea, mtoto hamchunguzi baba yake dirishani. Na huyo shangazi yako mdomo wake naye apelekwe kikundi.

Bundi wa Zamu:
Kuhusu kutotambuliwa usijidanganye mdogo wangu. Mimi baba yangu mdogo alinijua kwa kikohozi, hatukuwa tumeonana tangu nikiwa darasa la pili. Tulikuwa kwenye foleni, mimi nimempa mgongo, nikakohoa, nikasikia "wewe ni wa kaka". Damu ina mambo.

Kauka Nikuvae:
Nimesoma uzi wote kimya, sasa niseme. Wakuu, hii ni CHAI. Tena imechemka.

Post ya kwanza kaandika "sijawahi kuishi na mtu mwenye tatizo hili". Sasa ghafla baba ni mlevi. Kwanza mwalimu kataka vikundi vyovyote, baadaye kumbe kulikuwa na orodha. Msiba, shangazi anaropoka, baba ndiye mwenyekiti, ndevu! Huyu ni mtunzi wa tamthilia anapima upepo. Au mwandishi wa habari anatafuta namna ya kupenya kikao cha ndani, na nyie mnampa ramani ya mlango hadi kikapu.

Nusu Shari:
Hili la ndevu hata mimi lilinikwaza. Na mimi nilishaanza kulia jamani.

Msoma Pembeni:
Kama ni mwandishi wa habari ajue Mila ya 11 inawataka wanachama wasijitaje kwenye magazeti, redio na filamu. Atatoka mikono mitupu.

Kauka Nikuvae:
Msoma, Mila inamfunga mwanachama. Mwandishi inamfunga nini?

Msoma Pembeni:
Hoja yako ina uzito.

Kalamu Butu:
Kauka, niliandika sijawahi KUISHI na mtu mwenye tatizo hili. Sijaishi naye. Ndiyo hadithi yenyewe.

Orodha ya mwalimu sikuitaja kwa sababu nilijua mtaniambia niifuate. Kama hamniamini basi, sikuja kuomba kuaminiwa.

Mama Wawili:
Hilo la kuishi naye kalijibu vizuri, lazima nikiri.

Kauka Nikuvae:
Mtunzi mzuri naye hujibu vizuri.

Shangazi Mkali:
Hata kama ni chai, mafundisho yamo. Nimemsomea mwanangu uzi wote hapa sebuleni.

Fundi Saa:
Mimi sina haja ya kujua kama ni kweli. Nimekaa na walevi, nimezoea kusikia mambo yasiyolingana na baadaye yakawa kweli tupu.

Kalamu, nikuambie utakachokikuta. Anayeongoza kikao mara nyingi hapati hata nafasi ya kushea vizuri, anafungua, anasoma, anagawa zamu. Unaweza kukaa muda wote usisikie jina lako wala la mama yako, ukatoka ukadhani hamumo moyoni mwake. Au umsikie anasema jambo alilokusudia lisikiwe na watu waliolala mitaroni kama yeye, wewe ukalibeba nyumbani kama barua yako. Yote mawili ni mabaya. Halafu fikiria wale wengine kumi na kitu waliomo. Wao hawajakuacha wewe. Wamekuja wakidhani kila aliyemo ana kidonda kama chao.

Kwenye Hatua 12 anazopitia mwanachama ili apone kuna Hatua ya 8 na ya 9. Mtu anaandika orodha ya aliowaumiza, kisha anawaendea kuwatengenezea, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutaumiza zaidi. Kama mzee wako anafanya kazi hizo, wewe uko kwenye karatasi fulani. Lini atakuja au kama atakuja, sijui.

Kwa upande wako ipo Al-Anon, ya ndugu na marafiki wa walevi, imekuwepo tangu 1951. Lois, mke wa yule Bill aliyetajwa hapo juu, alikuwa mmoja wa walioianzisha. Kule wewe si mtazamaji, una kiti chako halali. Ripoti ya mwalimu ifanyie kwenye orodha aliyokupa. Hayo ni mambo mawili, usiyafunge kamba moja.

Kalamu Butu:
Al-Anon nimeisoma. Ni ya watu wanaoishi na mlevi. Mimi yangu ni tofauti.

Fundi Saa:
Siyo lazima uishi naye. Hata mlevi aliyekwisha kufariki, watoto wake wapo mle.

Mama Wawili:
Mdogo wangu, kwa nini usimwombe shangazi namba, umpigie mzee tu?

Kalamu Butu:
Namba ninayo muda mrefu. Nikimpigia ataniandalia maneno. Mimi nataka asiyoyaandaa.

Nimempigia tena yule wa simu, nikamwambia mimi ni mwanafunzi, jina sikutaja. Hakukasirika. Amesema Alhamisi ya mwisho wa mwezi kikao chao huwa cha wazi, na wageni wanaotazama huombwa wasimame waseme jina la kwanza. Jina langu la kwanza alinipa mzee, ni la babu yake. Halipo kwa wengi.

Nusu Shari:
Basi ndevu hazitasaidia.

Fundi Saa:
Ukiamua kwenda hicho cha wazi, mpigie siku moja kabla. Usimvizie akiwa mbele ya watu wake, ana kikao cha kuongoza.

Kalamu Butu:
Nikimpigia anaweza asije.

Fundi Saa:
Anaweza. Na akija, atakuwa amekuja akijua uko ndani.

Kauka Nikuvae:
Mimi bado nasimama na chai yangu. Ila jina hilo la babu ukishasimama nalo, leta mrejesho. Na usiniambie mwalimu amekupa alama zote, hapo ndipo nitakaporipoti uzi.